Wadogo zangu mnaostaafu, kabla hamjalipia hiyo pikapu

Wadogo zangu walimu, manesi, mabwana shamba na makarani mnaofikisha miaka 60 mwaka huu,

Salamu kutoka Mafinga. Wengi wenu mnanifahamu: nimeendesha magari ya serikali tangu ujana wangu hadi nilipokabidhi funguo, na baadhi yenu nimewapeleka semina na kuwarudisha salama. Ndiyo maana kila msimu wa mafao ukikaribia simu yangu haitulii. "Kaka, nataka pikapu ya kustaafia, nichukue ipi?" Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana vocha zenu nazo zina kazi nyingine.

Mnaponipigia, mnauliza habari za nguvu: ipi inabeba zaidi, ipi haishindwi na tope. Kijana mwenye tenda ya kokoto ana haki ya kuuliza hivyo. Wewe wa miaka 60 jiulize nyuma ya hilo gari kutakuwa na nini siku za kawaida. Ukijijibu bila kujidanganya, utakuta hakuna kitu. Kuna mbolea mwanzoni mwa mvua, kuna mavuno, kuna siku ya mabati. Siku nyingine zote ni wewe na mwenzako mnakwenda ibadani, kliniki, sokoni na misibani. Mavuno yenyewe, kama shamba ni la maana, hayaenei kwenye pikapu. Utakodi Canter tu. Kwa hiyo chagueni gari kwa ajili ya zile siku ambazo nyuma ni tupu.

Na pikapu tupu ndiyo inayoumiza mgongo. Nyingi zina springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na zimeundwa kubeba mzigo wa karibu tani moja. Zikipata mzigo, zinatulia. Zikikosa, kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Halafu kuna fundi atakayekushauri uongeze jani moja la springi "ili gari lisimame vizuri". Kama hubebi mbao za Sao Hill kila wiki, mkatalie. Na ukinunua gari ambalo mwenye nalo alishaongeza, toa lile la ziada kabla hujamlaumu aliyetengeneza gari.

Upepo wa tairi nao hamuutazami. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachoonyesha kiasi cha upepo, na mara nyingi gari tupu lina kiasi chake na gari lenye mzigo lina chake. Kijana wa kujaza upepo hana habari na kibandiko. Anajaza tairi zako za nyuma kama za Fuso. Shuka, msomee. Weka shokapu mpya, funga viroba viwili vya mchanga juu ya ekseli ya nyuma visihamehame, kisha upite tena barabara ileile. Watu wameuza magari mazuri kwa hasara kwa sababu hakuna aliyewaambia haya.

Sasa majina, maana najua ndicho mnachosubiri.

Toyota Hilux za zamani zenye injini za dizeli za 3L au 5L hazina makuu, na fundi yeyote wa kijijini anazifungua. Lakini zina kelele, hazina turbo, na ukipanda mlima wa Kitonga utaunganika na foleni ya malori mpaka Ilula. Mwenye mgongo mbovu aziache. Vigo, yaani Hilux iliyofuata, ni tulivu zaidi na ina nguvu, ila injini zake za dizeli za D-4D hazivumilii mafuta machafu. Ukizoea kununua mafuta ya kwenye madumu, andaa na hela ya nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Halafu dalali akikuapia kwamba Vigo yake ilikuwa ya mzee mmoja mstaarabu huko Japani, mwache amalize kuapa. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017, na Vigo ni ya katikati ya miaka hiyo. Nyingi asili yake ni Thailand. Si kosa, gari ni lilelile. Ila mtu anayekudanganya lilikotoka atakudanganya na kilomita. Tazama raba za pedali na ukingo wa kiti cha dereva. Dashibodi inaweza kusema kilomita 60,000 huku pedali imelika hadi chuma.

Hilux iliyofuata baada ya Vigo, Revo, ilianza mwaka 2015 na imelainishwa kwa kiasi. Nissan Navara za kuanzia mwaka huohuo, zile za dabo kebini, nyingi zina koili springi nyuma, zile za kujizungusha badala ya vyuma bapa, na aliyekaa siti ya nyuma atakuambia tofauti bila kuulizwa. Kwa starehe pekee, ningewapeleka huko. Kinachonizuia ni spea. Spea za Hilux utazipata hadi kwenye duka linalouza sukari na misumari. Anayestaafia Dodoma au Mbeya mjini, Navara imfae. Anayerudi Lupembe au ndani ndani ya Makete afikirie mara mbili.

Jihadharini pia na dizeli za karibuni zilizotoka Ulaya, zenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu hadi likapata moto. Mstaafu anayekwenda sokoni na kurudi, siku zote safari fupi fupi, ataliziba, na bei ya kulibadilisha inakata maini.

Mwenye magoti yanayolalamika achukue otomatiki, tena asione haya. Klachi ya pikapu kwenye foleni ya Kimara si mchezo. Mkiteremka Kitonga, rudisheni gia ya chini, injini ishike gari. Msikanyage breki mlima mzima mpaka zinuke.

Kabla ya kulipa, mpeleke shemeji yangu. Nanyi dada zangu, wapelekeni shemeji zangu. Apande na kushuka mara kadhaa, siti ya mbele na ya nyuma, akiwa amevaa kitenge. Kiti kikiwa karibu na usawa wa nyonga zake, ataingia bila kujivuta; kikiwa juu, wekeni ngazi ya pembeni, na hakikisheni kuna pa kushika. Muda mnaotumia kubishana kuhusu rangi, tumieni kwenye hili.

Jambo moja hamlioni mkiwa mjini. Siku pikapu yako itakapolala kijijini, itakuwa ya kijiji. Mgonjwa wa saa nane usiku ni wako. Jeneza ni lako. Mbuzi wa mahari ni wako, na wapambe wake watataka kukaa nyuma pamoja naye. Sikushauri ukatae, mwenye gari akimnyima jirani mgonjwa, ataishi na nani? Lakini sema mapema, siku ya kwanza, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mgonjwa na msiba nitabeba, mafuta tutachangiana, abiria nyuma hapana. Trafiki wakiwasimamisha hawatamuuliza mwenye mbuzi, watakuuliza wewe.

Hesabu ya fedha sitaiingilia sana, kikokotoo cha mafao mnakijua kuliko mimi. Ila gari lisimeze mkupuo wote wa mafao. Tenga ya tairi nne, ya bima kubwa na ya matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla hujatamka bei kwa dalali.

Na kadi ya gari iandikwe jina lako. Isiandikwe la kijana "kwa sababu yeye ndiye anayefuatilia TRA", wala isibaki na jina la aliyekuuzia eti mtahamisha baadaye. Malipo na kuhamisha umiliki viende siku moja.

Wenu,
Mzee Dereva, Mafinga