Maji nayo yaliugua homa ya nguruwe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako.

Kila maabara ya mifugo ikipata mashine mpya ya kusoma DNA tunawekewa picha ya mgeni rasmi anakata utepe, sawa, hongereni, ila mimi nimefanya kazi hizo miaka mingi na swali langu ni moja tu, majibu ya tyubu ya maji yako wapi?

Iko hivi. Ukipima sampuli, tuseme vipande vya wengu wa nguruwe waliokufa, lazima pembeni uweke tyubu ya maji matupu ipite hatua zote kama wenzake, hayo maji yakionyesha ugonjwa ujue uchafu umeingia. Mimi yamenikuta, maabara siitaji. Siku hiyo maji yakasoma homa ya nguruwe ya Afrika! Tukaisoma na DNA yenyewe, zile herufi zake nne A, C, G na T, ikafanana herufi kwa herufi na kile kirusi chetu cha kulinganishia, kumbe mtu alifungua kichupa cha kirusi hicho kwenye meza ileile ya kuandalia kemikali. Majibu ya wiki nzima tukatupa, na kuna mkubwa alitaka tuyatume hivyohivyo eti wafugaji wanasubiri. Mfugaji apigwe karantini, kitimoto kikose soko, kisa maji jamani.

Halafu mashine kutoa herufi sio kwamba zote ni za kweli. Ile grafu ya rangi 4 inayotolewa na mashine, kila rangi herufi yake, mwanzoni vilele vimebanana kama abiria wa daladala asubuhi, pale unakata, unasoma na uzi wa pili wa DNA unalinganisha. Kila herufi mashine inaipa alama ya ubora, 20 maana yake katika herufi 100 moja inaweza kuwa ya uongo, 30 ni moja katika 1,000, sasa kuna watu hata hawaiangalii. Na herufi hizo ndo zinasema kirusi kimetokea wapi, homa hii ilipotua nchi ya Georgia mwaka 2007 ni DNA iliyoonyesha ni aina ya huku kusini mashariki mwa Afrika. Ukikosea kusoma utafunga barabara ya Mbeya wakati ugonjwa umepitia kwingine kabisa.

Kwa hiyo bajeti iwe na hela ya jenereta, ya friza, ya chumba cha pili ili kemikali zisiandaliwe meza moja na kirusi, na ya sampuli za fumbo ambazo fundi anapimishwa bila kuambiwa zina nini. Na waandishi wenu mkialikwa tena kukata utepe, mwombeni fundi awaonyeshe maji yake ya wiki iliyopita yalisema nini.

Mstaafu wa maabara,
Morogoro