"Hela mmekula, mti bado upo": kwa nini hatukukata kichwa cha mwembe wako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kwa mteja wetu wa Kinyerezi, hapa Dar es Salaam, tuliyempunguzia matawi ya mwembe wake. Simtaji jina, na mwenyewe ameniruhusu nisimulie. "Kaka, nimewalipa laki mbili na nusu. Nimerudi kutoka kazini, nimeutazama mti, mti uko vilevile! Mmekata nini sasa? Jirani yangu alimwita kijana kwa elfu sitini, mti ukabaki nguzo, uwanja mweupe."

Malalamiko haya si mageni. Kila baada ya wiki mbili tatu yupo anayenipigia akiwa na hasira hiyohiyo, nami humweleza mpaka salio linakata. Safari hii naandika, atakayeuliza tena nimtumie hii.

Ukituambia "njooni mpunguze mti", sisi tunaelewa hivi: tunatoa matawi makavu, yanayosuguana, yanayolalia bati, na yaliyosongamana katikati hadi upepo hauna pa kupita. Majani mabichi hatuondoi zaidi ya robo kwa mara moja. Mti ule wa Kinyerezi ulitoa matawi kumi na moja, kenta ikajaa ikarudi mara ya pili. Lakini mteja hakuiona kenta, aliuona mti. Fundi rangi ana bahati yake, mwenye nyumba akifika getini anaona hela imekwenda wapi. Sisi tukifanya kazi vizuri, mti unabaki mti.

Alichofanyiwa jirani kinaitwa kukata kichwa. Unapanda, unakata kila kitu kwa usawa mmoja, unashuka, unalipwa. Ni kazi ya saa mbili na haihitaji akili. Shida yake inakuja baadaye. Mti chakula chake kinatengenezwa kwenye majani. Ukiyaondoa yote mti unashtuka, unatoa machipukizi kwa fujo kutoka chini ya gome, kumi na tano hata ishirini kwenye kisiki kimoja cha tawi. Tawi la kawaida linakua pamoja na shina, chanzo chake kiko ndani kabisa ya mbao. Chipukizi hili limeshikwa na tabaka la juu tu. Na pale juu palipokatwa, jeraha pana kama sahani, maji ya mvua yanatuama, mbao inaoza kushuka chini. Kwa hiyo machipukizi yananenepa huku kinachoyashikilia kinaoza.

Mwarobaini ndio mbaya zaidi kwa hili maana unachipua haraka mno. Mzee mmoja wa Tabata, mstaafu, aliukata kichwa wa kwake kwa bei ya kutupa. Baada ya miaka minne ulikuwa mrefu kuliko mwanzo. Masika ikaja, mvua ya usiku na upepo, machipukizi matatu yaliyokwishakuwa manene kama paja yakachomoka pamoja na yakatua kwenye bati la jirani. Tuliitwa asubuhi. Tulikuta jirani amesimama na beseni, mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki hasemi neno. Alilipa bati, alilipa mbao za kenchi, akatulipa na sisi kuung'oa mti mzima kwa sababu haukuwa wa kutengenezeka tena. Angetuita mwanzo ningemtoza laki mbili, na kivuli chake angekuwa nacho mpaka leo.

Sasa bei. Najua inavyosikika. "Laki mbili na nusu kukata matawi? Hata panga ninalo." Ndugu yangu, kukata hatukulipishi sana. Unalipia kushusha. Kipande cha mwembe mbichi chenye unene wa sentimita 40 na urefu wa mita mbili kinapita kilo mia mbili. Chini yake kuna tanki lako la maji, ukuta wa jirani, na mara nyingi gari ambalo tuliomba liondolewe jana na bado lipo. Kipande hicho hakianguki, kinashushwa. Kinafungwa kamba, kamba inazungushwa kwenye shina, mtu wa chini anaishikilia, wa juu anakata. "Legeza! Legeza! Shika!" Siku nzima ni sauti hizo. Ndiyo maana tunakuja watu wanne: mmoja juu, mmoja wa kamba, wawili wa kuburuta na kupakia. Na tunaanza saa moja asubuhi kwa kuwa huku pwani upepo wa bahari ukishaanza mchana, matawi yanacheza na kazi inakuwa ya hatari.

Ongeza petroli ya chenso na oili yake, cheni ambayo ikigonga msumari mmoja tu uliopigiliwa na watoto inakwisha makali (tunatembea na tupa, lakini tupa nayo ina mwisho), na kenta ya kutupia. Ongeza majimoto, wale sisimizi wekundu wakali wa miembe. Asiyewahi kuvamiwa na majimoto akiwa juu ya mwembe, mikono yote imeshika mashine, asinijadilie bei. Mwaka juzi kijana wetu alikutana na nyoka wa kijani kule Bunju, uso kwa uso. Alishuka kwa kamba haraka kuliko tulivyowahi kumfundisha, na kazi ikaisha siku hiyo.

Kuna wanaosema, "Chukueni kuni, ndiyo malipo yenu." Kuni za mwembe mbichi zikauke kwanza ndipo mama lishe azitazame. Za mkrismasi hata bure huwa nabaki nazo. Ukitaka kuni zako tunakukatia vipande tunakupangia uani, na bei inashuka kwa sababu tumeokoa safari ya kenta. Hapo tutaelewana.

Nirudi kwenye ukataji wenyewe, maana kuna jambo linanikera. Tawi likiungana na shina pana uvimbe kidogo, sisi tunauita shingo. Hapo ndipo mti unapofungia jeraha lake. Ukikata ndani ya shingo umeuharibu, ukiacha kipande kirefu nacho kinaoza. Tena tawi zito halikatwi mara moja kutoka juu. Unaanza chini, kata kidogo. Unasogea mbele kidogo, unakata kutoka juu, uzito unaondoka. Ndipo unamalizia shingoni. Anayekata kwa mkato mmoja, tawi linaanguka na gome, linachana shina hadi kiunoni. Nimeona mparachichi wa Goba umechunwa hivyo kama ndizi. Mwenye nyumba akapaka rangi ya mafuta juu ya kidonda ili "upone". Rangi haisaidii, inafungia unyevu ndani. Oili chafu vilevile. Mti haufungwi bandeji, ukikatwa mahali sahihi unajifunga wenyewe.

Na visiki! Tafadhali acheni kumwagia mafuta ya taa na kuwasha. Mama mmoja wa Mbezi alichoma kisiki Jumamosi, moto ukapita chini kwa chini kwenye mizizi mikavu, Jumatatu ukatokea kwenye bomba la plastiki la jirani. Tukaitwa kuchimba, na fundi bomba akaitwa pia.

Mambo machache kabla hujatupigia. Tuma picha mbili: mti mzima, na kilicho chini yake. Mti ukigusa nyaya za umeme hatupandi, hata uongeze hela. Toa taarifa TANESCO kwanza, umeme ukatwe, ndipo tuje. Kama mti unang'olewa kabisa, tunaanzia ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia kibali, na siku hiyo ya kufuatilia hatuitozi. Mwembe usituitie Juni au Julai ukiwa unakaribia kutoa maua, utatulaumu Desemba ukikosa embe. Subiri uvunwe.

Yule wa Kinyerezi nilimfuata Jumapili. Tulisimama chini ya mwembe, nikamwonyesha shingo kumi na moja, moja moja, kwa kidole. Akahesabu mwenyewe, akapata kumi, tukabishana, ya kumi na moja ilikuwa upande wa choo. Hajasema ameridhika. Amesema turudi Februari embe zikishaisha, tuutazame na ule wa nyuma, ila bei tupunguze. Nimempunguzia elfu ishirini, na kuni abaki nazo yeye.