Shangazi, sumaku haivuti damu

Shikamoo shangazi.

Najua barua hii utasomewa na watoto, maana miwani huitaki. Jumapili ulinionyesha bangili ya sumaku uliyouziwa kwenye semina, ukaniambia yule kijana alieleza vizuri sana: damu ina chuma, sumaku huvuta chuma, damu inakwenda mbio, goti linapona. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni.

Chuma cha damu si vumbi la misumari. Kimefungwa atomu mojamoja ndani ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell waliipima, wakakuta iliyobeba oksijeni haivutwi na sumaku kabisa. Husukumwa kando, tena kidogo mno. Iliyokwisha kutoa oksijeni ndiyo huvutwa, nayo kwa unyonge. Na wewe mwenyewe si uliingizwa kwenye MRI, ile mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, kwa ajili ya mgongo? Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla: mashine zile aghalabu huwa na tesla 1.5 au 3, na sumaku ya kubandika kwenye friji ina kama militesla 5, yaani sehemu tano tu kwa elfu za tesla moja. Ingekuwa damu inavutwa hivyo, ungetoka mle imerundikana upande mmoja.

Ila usije ukaenda kuwaambia wenzako kwamba nimesema seli hazina habari na sumaku. Zinayo, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 2021 Noboru Ikeya na Jonathan Woodward wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichukua seli za HeLa, zile zilizotokana na uvimbe wa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, wakazimulika kwa mwanga wa buluu. Seli zikang'aa zenyewe bila kutiwa rangi. Kila sumaku ilipopitishwa, mng'ao ulipungua kwa asilimia 3.5 hivi.

Hakuna kilichovutwa pale. Mwanga unapoipiga molekuli, elektroni huhama, zikabaki mbili zisizo na wenzi, kila moja ikiwa kisumaku kidogo. Kwa muda mfupi sana hazijaamua ziishie wapi. Ukisukuma shilingi iliyolala mezani kwa pumzi, haitikisiki. Lakini ikiwa inazunguka kwa ukingo na iko karibu kuanguka, pumzi hiyohiyo yaweza kuamua iangukie upande gani. Sumaku dhaifu hufanya kazi namna hiyo.

Inadhaniwa kwamba kuna ndege wanaosafiri kwa njia hiyohiyo. Robini wa Ulaya huihisi sumaku ya dunia, ambayo huku kwetu ni kama mikrotesla 33 tu (sehemu 33 kwa milioni za tesla moja), na protini inayoshukiwa imo jichoni mwake. Inaitwa kriptokromu. Huko Oldenburg, Ujerumani, robini waliowekwa kwenye vibanda vya mbao walipotea mwelekeo kwa sababu ya kelele za mawimbi ya vifaa vya umeme mjini. Vibanda vilipozungushiwa bati za alumini zilizounganishwa na ardhi, wakaujua tena. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014. Mimi hupotea Kariakoo na simu mkononi.

Sasa, goti lako. Jaribio la Tokyo lilihitaji mwanga wa buluu; goti liko gizani, chini ya gauni na khanga. Tena bangili iko mkononi! Nguvu ya sumaku ndogo hupungua upesi: ukiuzidisha umbali mara mbili, hubaki kama moja ya nane. Na kubadilika kwa mng'ao si kupona. Mwaka 2009 watafiti wa York, Uingereza, waliwapa watu 45 wenye maumivu ya viungo kama yako vifaa vinne kwa zamu: bangili ya sumaku kali, ya sumaku dhaifu, iliyoondolewa sumaku, na ya shaba. Kwenye maumivu hawakuona tofauti ya maana.

Na ni wewe uliyekataa kiwanja kizuri kwa kuogopa sumaku ya nyaya za umeme mkubwa. Haya.

Bangili ni nzuri, ivae. Dawa za daktari usiziache. Ila ukienda kumwona baba mkubwa, ivue uiache kwenye mkoba. Kile kifaa alichowekewa kifuani cha kuongoza mapigo ya moyo huweza kubadili mwenendo sumaku ikikisogelea, na wewe ukimwombea humwekea mkono palepale.