Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: vitabu vya Darasa la Kwanza vitoke stoo

Ndugu Afisa Elimu Msingi wa wilaya yetu,

YAH: VITABU VILIVYOFUNGIWA STOO

Kwa heshima zote, naandika hadharani kwa kuwa barua zangu mbili zilizopitia ngazi husika hazijajibiwa. Mimi ni mwanachuo wa ualimu niliye kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Usukumani, na nimepangiwa Darasa la Kwanza lenye watoto 118, ilhali uwiano uliowekwa na Serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Hilo nimelizoea, sauti imenikauka, lakini nimelizoea.

Jumatatu ulipotutembelea, maboksi manne ya vitabu yalitolewa stoo, picha zikapigwa, na gari lako lilipopita tu mnadani, vitabu vikakusanywa na kufuli likarudi mlangoni. Binti mmoja wa dawati la mbele alikusomea "Kuku wetu ametaga mayai," ukampigia makofi. Sikuthubutu kukuambia kwamba kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa mbuzi.

Mwezi uliopita nami ningempigia makofi. Chuoni nilifaulu vizuri mambo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), nikaamini kwamba mtoto akishaimba ba-be-bi-bo-bu bila kukosea, kusoma kumeshaingia. Siku iliyofuata ziara yako nikaandika ubaoni "Kuku wetu amekufa," na darasa zima likaitikia kwa furaha kwamba ametaga mayai. Ndipo nikauliza kwa Kisukuma nani kwao kuna ngoko, yaani kuku. Mikono ikajaa hewani. Yule binti akasimulia wa kwao anayelala juu ya mtungi, nikaandika maneno yake kwa Kiswahili tulichokitafuta pamoja, naye akayafuata silabi kwa silabi, akakwama, akarudi nyuma, kisha akacheka alipogundua kuwa ni kuku wake. Katika kule kukwama na kurudi ndipo nilipomwona mtoto akisoma kwa mara ya kwanza tangu nifike. Lakini ubao ni mmoja. Mtoto anahitaji kitabu mkononi, akirudie, hata akichafue.

Huenda kufuli hilo ni hofu ya wakaguzi kukuta kitabu kimechanika, au vinatunziwa wageni wajao. Sidhani kama ni agizo lako, maana wewe ndiye uliyewaambia wazazi kikaoni kwamba hakuna mtoto atakayevuka Darasa la Pili bila kujua kusoma, na kwamba tangu 2016 elimu haina ada na vitabu ni vya Serikali. Ni kweli, vitabu vipo. Jumatatu nilivihesabu: 96.

Siombi walimu zaidi, japo tunawahitaji. Siombi madawati, japo wengine wanakaa chini. Naomba stoo ifunguliwe. Kitabu kikichanika, nikatwe mimi kwenye fedha ya kujikimu tuliyoahidiwa, ambayo, nikukumbushe kwa unyenyekevu, nayo bado haijafika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwanachuo wa ualimu