Kwa mzee fundi viatu wa Mwanjelwa

Mzee wangu, ulinikataza kutaja jina lako, nami sitalitaja. Lakini watu wajue.

Gongo ilinitawala miaka 6. Mke akarudi kwao Tukuyu na watoto. Asubuhi ile ya Julai, baridi ya Mbeya ikiuma, nilikuja kukuomba mia tano ya kuzimua. Hukunifokea. Ulinivutia kigoda, ukanimiminia chai ya tangawizi, ukakishika kikombe pamoja nami maana mikono ilitetemeka. "Mwanangu, hata mimi nilikuwa hivyo."

Nikasema naacha leo leo. Ukanizuia: aliyekunywa miaka mingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Ukafunga kibanda mchana kweupe, ukanipeleka hospitali kwanza. Kisha Alhamisi nne mfululizo ulinipitia nyumbani, tukaenda kwenye kikundi chenu: watu tisa kwenye mabenchi, wakifuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, ulioanzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili waliosaidiana kuacha pombe. Ulikaa upande wa mlangoni, nisije nikatoroka.

Leo nina miezi 11. Mwenye ndugu mlevi, tafadhali msindikize mpaka ndani. Kuelekezwa nilishaelekezwa sana.

Mzee, viatu ulivyonishonea bado navivaa kila Alhamisi. Asante.