Swalehe, nirudie zile dakika za mwanzo

Ujiji, Kigoma
Jumapili usiku

Ndugu yangu Swalehe,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama naye hajambo, miguu tu inamsumbua mvua zikianza. Bi Tatu anakusalimu, anasema zile ndoo mbili za mawese hajazisahau. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya kaka Jumanne, na simu zako mbili sikupokea. Wakati ule sikuwa na hasira na mtu, sauti tu ilikuwa haitoki. Hasira ninayo sasa, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga. Kwenye simu utanichekesha nisahau nilichokusudia.

Ijumaa Idrisa, mtoto wa kaka, alinibembeleza nimpeleke kibanda umiza kule Mwanga. Alisikia wameleta Black Panther ya pili, Wakanda Forever, iliyotafsiriwa na wewe, sauti yako juu ya picha. Jina lako huku ni kubwa, ujue. Vijana wa Kibirizi wanaiga sauti yako wakianua dagaa. Basi nikalipa mia tano yangu na mia tano yake, tukabanana benchi la mbele.

Unajua inavyoanza. Kioo cheusi, kisha dada yuko maabara anahangaika kutengeneza dawa ya kumwokoa kaka yake, na muda unamkimbia. Mama anaingia, anamwambia kaka ameshakwenda. Halafu mazishi, watu wote wamevaa nyeupe, jeneza linapita katikati yao mpaka linapaa. Ikaja nembo ya studio, ile inayokujaga na muziki wa kishindo. Safari hii haina muziki, ni picha za Chadwick Boseman tu, aliyemwigiza yule kaka, zinapita kimya. Walikusudia, Swalehe. Yule mtu alikufa kweli, Agosti 2020, ana miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyogunduliwa nayo mwaka 2016. Miaka yote hiyo alicheza muvi bila kuitangazia dunia. Wale waigizaji wanamlilia mwenzao.

Na hapo, kwenye kimya kile, ukaingia wewe. "Anayemdai marehemu ajitokeze sasa, pilau likishaiva hatumjui mtu!"

Kibanda kizima kikalipuka. Idrisa alikuwa amekishika kiganja changu, akakiachia. Akatazama kulia, akatazama kushoto aone wenzake wanacheka nini, kisha na yeye akacheka, kwa sauti ambayo si yake.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Shangazi, kwani kwa baba watu walicheka?"

Nikamwambia walicheka. Wewe hukuwahi kufika, ngoja nikusimulie. Mzee Sudi, kama mtani, alivaa koti la kaka, akatembea ua mzima bega moja limeinama kama kaka mwenyewe, akiwadai wavuvi warudishe karabai zake. Akajilaza mlangoni, maiti haitoki mpaka apewe buku mbili. Mama alicheka huku anajifuta machozi kwa khanga. Lakini jeneza lilipoinuliwa, Mzee Sudi alisimama, akalivua lile koti, akalikunja taratibu akalibana kifuani. Waliokwenda makaburini wanasema hakutoa neno mpaka wamerudi. Nilipomweleza Idrisa hivyo, kwanza alicheka, kicheko chake kile cha puani, halafu akalia pale pale barabarani karibu na duka la Mangi. Ni mara ya kwanza amelia tangu msiba.

Kwa hiyo usidhani nimehamia upande wa Ramso. Unaukumbuka ule ubishi wenu pale kwa Mzee Feruzi? Mwaka 2008 umetoa The Dark Knight ya Batman na Iron Man, wewe unamtetea Iron Man na maneno yake ya kashfa, Ramso anapiga meza kwamba stelingi asiyenuna si stelingi, na kwamba mzaha ndio uliomzika Batman mwaka 1997, akakaa miaka minane bila muvi mpya kwenye majumba ya sinema. Mimi nilikuwa upande wako, na bado. Kuna muvi zinanuna mwanzo mpaka mwisho na hazina uchungu wowote ndani, ni giza la taa tu.

Nawe uliwahi kunionyesha mzaha unavyoweza kubeba msiba. Guardians of the Galaxy, ile ya 2014. Yule mti hajui kusema kingine zaidi ya "Mimi ni Groot", na wewe ulimchezea saa nzima, mara umpe lafudhi ya Kiha, mara ya mzee aliyekosa kahawa. Tulicheka mpaka tukachoka. Halafu chombo chao kinaanguka, yeye anawafunika wenzake kwa matawi yake ili wasife, na neno moja linabadilika: "Sisi ni Groot". Ulilisema kwa sauti ya chini, ukanyamaza. Hukuongeza kitu! Benchi zima lilinyamaza na wewe. Lile neno lilituuma kwa sababu tulikuwa tumelicheka muda wote.

Sasa mtu aliyejua kunyamaza pale, huku ilikuwaje?

Najua utajibu kwamba watu wanalipa wacheke. Sawa, lakini hata wenye pesa zao huko Marekani wamejikwaa hapo. Justice League ya 2017 mwongozaji wake, Zack Snyder, alifiwa na binti yake akaiacha, akaletwa mwingine akarudia vipande na kupachika mizaha. Superman alikuwa ameshafuga masharubu kwa ajili ya muvi nyingine, wakayafuta kwa kompyuta, na mdomo ukatoka wa ajabu. Mizaha iliyopachikwa nayo iko hivyo hivyo, unaiona haikuota pale. Na mwaka huo huo wa Wakanda Forever, 2022, studio hiyo hiyo ilitoa Thor ambayo mwanamke anaumwa saratani na huku mbuzi wanapiga makelele. Sikujua nimlilie yule mama au nicheke mbuzi. Mwishowe sikufanya lolote.

Yule dada wa maabara ni mimi, Swalehe. Kaka naye alituficha mpaka mwili ukamsema, na mimi ndiye niliyezunguka na vyeti vyake dirisha hadi dirisha. Sikwenda kibandani kutafuta hilo. Lilinikuta, nikasema basi acha nilie hapa gizani dakika mbili, hakuna anayenijua. Hizo dakika mbili ndizo ulizonikatisha.

Naomba unirudie dakika za mwanzo. Sema wanachosema wao, basi. Kwenye mazishi usiseme kitu, kwenye nembo usiseme kitu. Mbele huko M'Baku yupo na ucheshi wake mwenyewe, hapo rudi na vituko vyako vyote, hata lafudhi ya Kiha mpe. Weka kwenye flashi umpe Ramso akija. Mwenye kibanda nimeshaongea naye, amekubali kuionyesha upya.

Na wewe je? Kile kikohozi kimeisha? Unapotafsiri unaitazama muvi nzima kwanza, au unaingia nayo moja kwa moja siku hizi kwa sababu ya haraka? Pale kwenye jeneza wewe mwenyewe ulijisikiaje, au hukutazama? Ulimkumbuka kaka hata kidogo? Ile redio aliyokupa bado unayo? Na Ramso anaondoka lini hasa, wiki hii au ijayo? Idrisa ameshaniuliza mara mbili.

Wako,
Zuhura