Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yetu: ile nyumba yenye X msiibomoe kwanza

Afisa shikamoo. Najua una mengi mezani ila hii naomba uisome.

Nimerudi kijijini nikakuta nyumba ya babu imepigwa X nyekundu ukutani, barabara inapita pale, sawa, barabara hata sisi tunaitaka. Kilichoniuma ni kijana aliyekuja kuandika fidia, eti hii si nyumba, ni miti na udongo tu.

Mimi naishi Uingereza, na huko Singleton karibu na Chichester kuna makumbusho ya Weald and Downland, ndani yake ipo nyumba ya mkulima inaitwa Bayleaf, ya mwanzoni mwa karne ya 15. Siku naingia nilicheka peke yangu. Kuta ni fito na udongo! Udongo uliokandwa na nyasi na kinyesi cha ng'ombe, kama alivyokuwa anakandika bibi. Meko yako chini katikati ya ukumbi, bomba la moshi hakuna, moshi unajipandia hadi kwenye makombamoyo, na madirisha hayana vioo. Hiyo ndo wazungu wanalipa kiingilio kuiona.

Tofauti iko kwenye fremu. Wao walitumia mwaloni, unachongwa ukiwa mbichi maana ukikauka unakuwa kama chuma, halafu maungio yanabanwa kwa vigingi vya mti. Maseremala wa zamani kule walikuwa wanaiunga fremu chini kwanza, wanachora namba za Kirumi kwenye viungo ili wajue nguzo ipi inaingia wapi, ndo wanaisimamisha.

Kitu kilichojengwa hivyo kinafunguka. Bayleaf ilikuwa Chiddingstone, Kent, na miaka ya 1960 mwishoni bonde lile likawa linageuzwa bwawa la maji, Bough Beech. Bwawa lilijengwa kama kawaida, nyumba ikafunguliwa mti mmoja mmoja ikahamishiwa Singleton.

Sasa ya babu ni boriti za mikoko zimefungwa kwa kamba, paa makuti, msumari hata mmoja hamna. Nayo inafunguka, ila kamba haina namba, anahitajika fundi anayejua fundo lipi linatangulia, na pale kijijini wamebaki wazee wawili. Tupe wiki mbili kabla ya greda, na mtu wenu mmoja wa kupima na kupiga picha. Kiwanja kile nyuma ya ofisi yenu kinatosha kuisimamisha.

Rangi ya kuandikia namba nanunua mwenyewe, ila haitakuwa nyekundu.